Bata Asiyetoa Shikamoo

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuonyesha katuni lilikuwa kuamini kwamba hatari yote imo kwenye picha.

Nilikuwa nimehama Kambarage, Shinyanga, nikapanga chumba katika kijiji cha wachimbaji upande wa Geita, na uani pale pale nikafungua kibanda cha video. Katuni nyingi huja na lugha ambayo watoto wa pale hawaielewi, kwa hiyo mwenye kibanda hukaa pembeni na maikrofoni, akasimulia kinachoendelea na kumsemea kila mnyama. Kazi hiyo hakunifundisha mtu. Niliwaiga wasimuliaji niliowasikia utotoni, nikafanya mazoezi chumbani nikiwa nimejifunika blanketi, majirani wasije wakadhani nimechanganyikiwa.

Mwenye nyumba wangu, mama anayeuza mchele, alinikubalia kuonyesha katuni kila Jumamosi mchana kwa sharti moja.

"Hao ni watoto wa watu, mwanangu," alisema. "Siku mmoja akirudi kwao na tabia ya ajabu, kibanda unafunga. Na kipimo changu ni huyu mjukuu wangu."

Nilimtazama mjukuu nikaona kibanda kimeshafungwa. Alikuwa bado hajaanza shule, na alikuwa anaiga hata kikohozi cha mgeni.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Pasi nikiizima narudi kuhakikisha nimeizima, kisha narudi tena. Kwa hiyo katuni niliyoichagua, ya bata mdogo aliyepotea akilitafuta ziwa, niliitazama mpaka nikaanza kumwota yule bata. Nilikata kipande ambapo chura anampiga kunguru kofi. Nilikata na kile ambapo kunguru anaiba yai, nikakirudisha kwa sababu bila hicho hadithi haieleweki, nikakikata tena kwa sababu wizi ni wizi. Bata alipooga nikajiuliza kama ni sawa watoto wamwone hana nguo. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba hata asipooga hana.

Jumamosi kibanda kilijaa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka bata akakutana na kobe mzee. Katika katuni yenyewe wanatazamana tu, kimya, na mimi kimya kinanitisha. Nahisi watoto watainuka waondoke. Kwa hiyo nikampa bata maneno ya kwanza yaliyonijia mdomoni, yale wachimbaji wanayoulizana asubuhi wakitaka kujua kama shimo limetoa dhahabu.

"Mzee, duara limetema?"

Nikamjibia kobe kwa sauti ya kukwaruza: "Limetema maji tu."

Watoto walicheka mpaka benchi moja likapinduka. Nikanogewa. Kila bata alipokutana na mkubwa wake, awe korongo au kiboko, shikamoo hakutoa. Aliuliza habari za duara, na kila mkubwa akajibu maji tu. Usiku ule nililala kama mtu aliyefaulu mtihani.

Kesho yake mwenye nyumba alitembelewa na kaka yake kutoka kijiji cha mbali. Mzee huyo aliwahi kuuza ng'ombe akazitia fedha zote kwenye duara, likatoa mawe na maji, na tangu hapo hakuna ndugu aliyeligusia jambo hilo mbele yake. Mimi nilikuwa uani nafua. Mjukuu akaitwa aje kumsalimia guku, yaani babu. Akaja, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mzee, duara limetema?"

Mzee akakiweka kikombe cha chai chini. Dada yake akabaki ameshika birika hewani. Mtoto alipoona hajibiwi, akamsaidia.

"Sema, limetema maji tu."

"Nani kakufundisha?" bibi yake akauliza.

"Bata."

"Bata gani?"

"Bata wa kaka wa video."

Nilijificha nyuma ya shuka lililokuwa kwenye kamba, lakini miguu yangu ilionekana. Nikaitwa, nikaenda na mapovu mikononi.

"Shikamoo, babu. Mama, ile katuni niliikagua. Hata kofi niliondoa."

"Bata alisema maneno hayo?"

"Hapana. Bata hasemi kitu."

"Kasema nani?"

"Mimi."

"Kumbe bata hana kosa," alisema. "Basi funga kibanda."

Nikageuka kurudi kwenye beseni.

"Ngoja," mzee akasema. "Huyo aliyejibu maji tu, ni nani?"

"Kobe, babu. Kobe mzee."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakohoa, na mjukuu akakohoa vile vile.

"Kobe huyo namfahamu," alisema akijifuta macho. "Usimfungie kijana kibanda kabla sijamwona mwenzangu."

Mwenye nyumba hakucheka, ila alibadilisha hukumu. Jumamosi iliyofuata nilirudia katuni ile ile, mzee akiwa benchi la mbele na dada yake kando yangu, waya wa maikrofoni mkononi mwake, tayari kuuchomoa. Bata alitoa shikamoo kwa kila kiumbe, mpaka kwa jiwe moja lililofanana na kobe. Mzee alilalamika kwamba kobe amepoa.

Siku hizi kila Ijumaa namsimulia mwenye nyumba katuni nzima wakati anapepeta mchele, kwa maneno yale yale nitakayoyatumia kesho yake. Asiloridhika nalo silisemi. Picha naziangalia mara moja tu, na yai la kunguru nimelirudisha.