Kuni ya Freni

Mwaka huu, wakati wa jua, batu ya Bunia balianza kusema njia ya kushuka ku ziwa imefunguka. Miye wazimu ikanishika pale pale. Nilitoa kinga yangu, ile baiskeli muzee yenye ilikuwa inalala nyuma ya nyumba na kuku juu ya gido, usukani yake, nikaijaza upepo, nikapaka shene, ile munyororo yake, mafuta ya mawese juu ya kukosa ingine. Mama ya batoto yangu alisimama mu mulango, mikono mu kiuno.

"Weye, na hiyo tumbo? Mulima itakushusha, ao weye utashusha mulima?"

"Ninaenda kuleta samaki."

"Samaki iko ku soko. Weye unaenda kutafuta kitu ingine. Mi nakujua."

Ananijua kweli. Mwalimu wa hesabu pia alinijuaka vizuri, mpaka akaniambia mu deziemu sekondere, mwaka ya pili tu, nisijisumbue kurudi. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukikuta hapa neno imekaa vibaya, uende umuulize yeye.

Nilikuwa naenda kutafuta moshi. Moshi ya nyumba moja tu.

Ile njia mi naijua na magoti. Ukitoka Bunia kuelekea ziwa, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kati ya majani na ngombe, mpaka unafikiri inakuchezea. Bababa ya kinga, bachuuzi ya hii njia, balikuwa bamepa kila mupando jina yake. Kuko Toa-Shati. Kuko Mama-Nisaidie. Ya mwisho, ile murefu, baliitaka Uza-Kinga, kwa sababu pale kila mutu anaapa kama akifika juu atauza kinga yake, na akifika anasahau. Nyuma ya Uza-Kinga dunia inakatika. Upepo inakupiga mu uso, na ziwa yote iko chini yako, kama sahani ya bati imesahauliwa ku jua. Pale ndipo mushuko inaanza. Na siye tulikuwaka chini kabisa, nyumba ya kwanza penye mulima inaisha: miye, baba, na tate, yaani mama ya baba. Mama yangu alikufa miye ningali ku mugongo.

Sasa sikiliza. Ku mushuko kama ile, freni ya kinga ni mapambo. Kaucho, ule mupira yake, inalia, inanuka kuungua, na umekwenda. Basi kila mutu akifika juu alikataka tawi ya kalitusi, tawi kubwa na majani yake yote, anaifunga nyuma ya portbagaji, pale penye kukaa muzigo, na kamba ya mupira, anaikokota. Ile tawi inashika njia na makucha. Kinga inashuka pole, na chumvi, na sabuni, na gunia ya maharagi, na nyuma yake vumbi inapanda kama ngombe yote ya Ituri inapita.

Chini, penye njia inakuwa sawa, tawi haina kazi tena. Kuikokota mpaka ku ziwa ilikuwa haya, bavuvi bangekucheka: "Angalia huyu, anaogopa mpaka tambarare!" Kwa hiyo bote balifunguaka tawi yabo kwetu. Tate alikuwa anangojea na kikombe ya maji na kiazi ya moto. Unaacha freni yako, unakunywa, unapuliza kiazi yako, unakwenda. Ndivyo nyumba yetu ilipikaka na freni ya batu. Batoto ya bajirani balienda kukata kuni, bakapata misuli. Miye kuni ilinifuata nyumbani, nikapata tumbo.

Na ile harufu! Bugali yetu ilinukaka kama dawa ya kifua. Sombe, ile majani ya mihogo, vile vile. Hata leo mutoto wangu akikohoa, na mama yake anamupaka ile dawa ya kopo, miye nasikia njaa.

Kazi yangu ilikuwa kupanga tawi. Mubichi nyuma ya nyumba, kavu mbele, na tate anasimama juu ya kichwa yangu kama jenerali. Hakukubali hata siku moja kupika na mubichi. "Kuni mubichi inalisha macho," alisemaka. "Tumbo haipate kitu." Ao akisikia habari ya kijiji fulani penye batu bamehama, alisema: "Ukiona kuni inalala mu njia na hakuna mutu anaokota, usipige hodi pale."

Kazi ingine ilikuwa kusikiliza. Nilikaa ku jiwe, mulima nyuma yangu, nikisikia tawi inakuja. Tawi ya fundi ya kinga, jirani yetu, ilikuwa inarukaruka, juu yeye alikuwa na haraka. Ya baba niliijua kuliko sauti yake mwenyewe. Ilifanyaka khwaaa, nzito, pole, kama mutu anafagia kanisa nzima. Kwa sababu baba hakufunga tawi moja. Alifungaka mbili, zimepishana kama makasi.

Baba yangu alikuwa muoga, nasema na heshima yote. Benzake balishuka na tawi moja, bengine na nusu ya moja, bakiimba. Yeye alishuka na mbili, na kiatu imekandamiza mupira. Balimupita bakimupigia kelele: "Eh, Mwenye-Pori! Umehamisha pori nzima?" Yeye anajibu bila kuinua macho: "Pori ndiyo inanifikisha kwa mama." Na tate, akiona tawi mbili zinatokea ku kona, alianza kusonga bugali pale pale. "Muoga ndiye anakulaka bugali ya moto," aliniambia. "Bashujaa tunabawekea ya baridi."

Ile siku ya mwisho, baba alipanda na makayabo, ile samaki ya chumvi, kwenda kuuza Bunia. Alinishika kichwa kama anapima papai, akasema nisimalize viazi ya wageni. Akaanza kusukuma.

Nyuma ya ile, kuni ikaanza kupungua. Siku moja tawi chache. Siku ingine moja, na mwenye kuikokota hakukunywa hata maji, alipita mbio na macho nyekundu. Alisema kule juu kuko bunduki. Na kisha mulima ikanyamaza.

Weye hujue kunyamaza ya mulima yenye ilikuwa inasema kila siku. Nilikaa ku jiwe tangu asubuhi, nikisikia masikio yangu mwenyewe tu. Upepo ikipita mu majani, nilisimama mbio, naita: "Tate! Khwaaa!" Anatoka, anasikiliza, anarudi ndani. Alianza kupika mara moja kwa siku. Kisha akaacha maharagi, juu maharagi inakula kuni mingi kuliko siye tunavyokula maharagi. Tukakula mihogo imechomwa kidogo, ndani ngumu. Lakini moto haikuzima. Kila jioni alifukia kaa mu majivu kama analalisha mutoto, na asubuhi anapuliza.

Bajirani balianza kufunga vitu. Fundi ya kinga ndiye wa mwisho. Alikuja na kinga imejaa sufuria na vyuma yake ya kazi.

"Mama, twende. Bote banashuka ku ziwa, banavuka."

"Na mutoto yangu akishuka na kuni yake mbili, apokelewe na nani?"

"Mama, hakuna mutu anashuka tena."

"Weye unatengenezaka kinga. Nani alikuambia unajua na barabara?"

"Mama, nakuomba."

"Atakuja amechoka. Akute moto imezima? Kwa mama yake?"

Fundi alifuta uso na kofia. Tate akaniangalia miye, akaangalia ile kuni kidogo imebaki ku ukuta, na akasema na sauti ya muchezo: "Beba huyu. Anakula sana, atanimalizia akiba."

Nilicheka, ndugu yangu. Nilikuwa mutoto, na ilikuwa kweli, nilikula sana. Alinifungia viazi mu kitambaa, akanikalisha ku portbagaji juu ya sufuria, uso inaangalia nyuma. Fundi akasukuma. Niliona tate anaingia ndani, hakutupungia mukono. Moshi yake ilikuwa inapanda sawa, nyembamba, kama uzi ya kushona. Niliiangalia mpaka macho ikanidanganya kama ingali pale.

Tulivuka ziwa, tukakaa Uganda, nikakomaa kule nikivaa viatu ya batu. Niliporudi Bunia nilikuwa na ndevu tatu ao ine. Niliulizia baba yangu kila mahali penye kinga inasimamaka. Baba mumoja, muuza mawese ku soko, aliniangalia sana.

"Ulisema alifungaka tawi mbili? Mwenye-Pori?"

"Ndiye."

"Tulikuwa pamoja kule juu. Siye bengine tulifunga moja moja, tukashuka. Yeye alibaki. Alikuwa anakata ya mbili. Ndipo tulisikia bunduki nyuma yetu."

Basi. Alinipa chupa ya mawese bila kuniuliza franga, na miye nikaichukua, juu mikono ilikosa kazi. Ya tate, hakuna hata mutu alinipa neno, na njia ya kushuka kwake ilikuwa ingali imefungwa.

Sasa unajua juu ya nini nilipaka shene mafuta.

Nilipanda Toa-Shati, nikatoa shati. Nilipanda Mama-Nisaidie, nikamuita. Ku Uza-Kinga, vijana ya pikipiki balinipita bakicheka: "Muzee, uza!" Kama mumoja angesimama, ningeuza. Juu kabisa nilitafuta kalitusi. Zote zimekatwa, zimekuwa makaa, pengine ndiyo ile tunanunuaka mu mufuko hapa Bunia. Imebaki visiki tu, na ku visiki vitawi changa, laini, kama ndevu yangu ya wakati ule. Nilikata moja. Nilisimama na kisu mu mukono, nikisikiliza nyuma yangu. Nikakata ya mbili.

Nilishuka nikipiga kelele kama mbuzi ya kuchinjwa. Lakini khwaaa ilikuwepo, ndogo, nyembamba, na ile kona ya mwisho niliipita nimefunga macho, juu nilijua macho itatangulia kutafuta moshi.

Hapakuwa moshi. Majani ilikuwa inanipita kichwa. Ukuta hapana, jiwe yangu hapana. Nilikuta mafiga matatu ya tate, yamekaa vile vile, na muti umeota kati yao. Nilifungua tawi zangu, nikaziweka pale mu njia, penye tuliziwekaka. Nikangojea kidogo. Sijui nilingojea nini. Kikombe ya maji, pengine. Kisha nikaenda mpaka ku ziwa, nikanunua samaki, nikalala kule.

Asubuhi nilirudi nikisukuma. Tawi zangu mbili zilikuwa pale. Majani imelegea, vumbi juu, hakuna mukono imezigusa.

Sikupiga hodi.

Lakini nilikuwa na kiberiti mu mufuko. Mi sivutake tumbako. Nilikuwa nimeibeba tangu Bunia, na sikumuambia mutu. Niling'oa ule muti, nikavunja tawi, nikapiga magoti na tumbo yangu yote, nikapuliza. Weye unajua kuni ya jana inafanyaka nini. Moshi mingi, moto hakuna, kama miye mu shule. Ililisha macho yangu mpaka ikashiba. Nilipuliza tena. Nilisema kwa sauti, kama mupumbavu, hapo peke yangu: "Baba, shuka pole. Moto iko." Kiberiti ikaisha.

Nilisukuma kinga kupanda. Sikugeuka mpaka nilipofika juu. Nilipogeuka, chini kulikuwa majani na njia, na pikipiki moja ya kijana ikishuka na freni yake ya chuma, haiachie mutu kitu.

Nilifika nyumbani jua ikizama. Mama ya batoto alipokea samaki.

"Ulikuta nini?"

"Samaki," nilimujibu.

Alikaribia, akanusa shati yangu. Aliingia jikoni, na nikasikia mwiko inasonga. Batoto yangu balikaa kuniangalia, bakingojea niseme kitu ya kubachekesha, ndiyo kazi yangu mu hii nyumba.

Aliniwekea bugali mbele. Ilikuwa ya moto, moshi inapanda juu yake sawa, nyembamba. Nilikata tonge, nikaishika mpaka ikaniunguza vidole.