Mpangaji Kwenye Ini la Mwajabu

Mwajabu, muuza vitenge wa soko la Kasulu, si mtu wa kuogopa kivuli chake. Mwaka alioambiwa ana uvimbe kwenye ini alilia mchana mmoja, akanawa uso, akarudi kufungua duka. Uvimbe wenyewe si saratani. Ni fundo la mishipa ya damu, alimweleza Daktari Kalunga wa Kibondo, limejikunja humo pengine tangu ujana wake. Halitaki kisu wala dawa. Kazi ni kulipiga picha kila mwaka na kuangalia kama linakua. Mwajabu akalipa jina: mpangaji.

"Kodi halipi, lakini hana fujo," huwaambia wateja huku akiwakunjulia kitenge. "Na mwenye nyumba ni mimi."

Basi kila mwaka hupanda basi hadi Kibondo, kwa daktari yule yule na mashine ile ile, ili picha mpya iwekwe ubavuni mwa ya zamani. Shoga zake humcheka: utrasaundi si hata Kasulu zipo? Yeye hujibu kwamba urefu wa mtoto hupimwa kwenye mlango mmoja, huhamihami naye milango. Nani atampinga?

Mwaka huu safari ilikuwa na uzito wake. Hashimu, muuza vipuri vya baiskeli wa Kibondo, mgane mwenye sauti ya upole, alikuwa amemposa. Mwajabu alimwambia habari za mpangaji siku ya kwanza kabisa, maana mficha uchi hazai. Hashimu alicheka. "Mimi naoa mtu," alisema, "sioi ini."

Shida ilikuwa dada yake mkubwa, Faudhia. Ndiye aliyemlea Hashimu mgongoni, na ndiye aliyemuuguza mke wake wa kwanza mpaka wakamzika. Neno uvimbe lilimchoma moyo. Bila yeye kuridhia hakuna ndoa, na hilo Hashimu hakulificha. Faudhia alituma ujumbe mmoja tu: safari hii Mwajabu asilale gesti, alale kwake. Mwajabu akajua anakwenda kupimwa mara mbili.

Jioni ilipita vizuri. Walikula ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, wakasengenya bei za vitenge, wakacheka kidogo. Jambo moja tu Mwajabu hakulisema: kwamba asubuhi haruhusiwi kula kitu mpaka apigwe picha, kwa sababu tumbo likishapata chakula hujaa gesi, na ini halionekani sawasawa. Miaka yote alikuwa akilala gesti, na gesti hakuna anayekuuliza kama umekula.

Kulipokucha, bakuli la supu lilikuwa mezani likifuka moshi. Jogoo mzima alikuwa amechinjwa.

"Mwakeye, wifi," alisalimu Faudhia. Akachota kijiko kimoja kutoka bakuli la mgeni, akanywa mbele ya macho yake, kisha akamsogezea.

Mwajabu alizaliwa Munanila, mkoa huo huo, na desturi hiyo aliijua. Mwenyeji huonja kwanza ili mgeni awe na hakika kwamba hakuna sumu. Na ukikataa kilichokwisha kuonjwa, umetamka lisilotamkwa.

"Wifi, nisamehe. Siwezi kunywa."

"Huwezi?"

"Leo napigwa picha, na ini linataka tumbo tupu. Nilipaswa kukuambia jana, nikajisahau."

"Nimeonja mbele yako!" Faudhia alipaza sauti. "Marehemu hakuukataa mkono wangu hata siku aliyokata roho. Wewe sema tu unaniona mchawi, nikamwambie mdogo wangu atafute kwingine."

Hapo Mwajabu aliogopa kwelikweli. Angeweza kunywa, nani angejua? Angempata wifi, lakini picha ingetoka ukungu mtupu, na mwaka mzima angeishi kwa kubahatisha. Naye alimpenda Hashimu mno, hakutaka kuolewa naye kwa kubahatisha.

"Funika bakuli," alisema. "Vaa viatu twende wote. Ukamwone huyo anayeninyima supu yako."

Faudhia alivaa viatu kwa hasira, lakini alivaa.

Hospitalini, Mwajabu aliomba wifi yake aingie naye, na Daktari Kalunga akakubali. Jeli ya baridi ikapakwa tumboni, kidude kikateleza chini ya mbavu, na kwenye kioo, katikati ya kijivu, likatokea doa jeupe la mviringo. Daktari alilipima huku, akalipima kule, akafungua picha za miaka iliyopita na kuzipanga pembeni.

"Mpangaji amekua?" Faudhia ndiye aliyeuliza, kabla ya mwenye ini.

"Hajakua hata kidogo. Yuko vile vile tangu tulipomwona mara ya kwanza. Watu wengi huzeeka na kitu kama hiki bila kujua wanacho." Akamgeukia Mwajabu. "Mwakani sitaki kukuona. Rudi baada ya miaka miwili, isipokuwa ukipata maumivu makali kabla ya hapo."

Mwajabu alifunga macho, akamshukuru Mungu kwa sauti. Alipoyafumbua, Faudhia alikuwa bado anakitazama kioo, machozi yanamtiririka.

"Marehemu hatukumpiga picha hata moja," alisema. "Tulimzungusha kwa waganga mpaka akaisha. Hata leo sijui kilichomuua kilifananaje."

Mwajabu, jeli ingali tumboni, alimshika mkono.

Waliporudi nyumbani bakuli lilikuwa pale pale, limefunikwa, mafuta yameganda juu. Faudhia aliipasha supu moto, akaimimina upya, akaiweka mbele ya mgeni wake. Kisha akachukua kijiko ili aonje, kama ilivyo ada.

Mwajabu akamdaka mkono.

"Usionje, wifi."

Akalinyanyua bakuli kwa mikono miwili, akanywa. Faudhia alisimama akimtazama mpaka nusu yake ikaisha. Kisha akatoa simu, akampigia Hashimu dukani.

"Funga duka uje ule," alisema, "kabla mkeo hajammaliza jogoo."