Kabati Tulilomrudishia Fundi wa Mapazia

Fundi wa mapazia aliingia sebuleni kwetu kupima madirisha, na kabla hajamaliza alikuwa amekaa sakafuni analia. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemsema vibaya.

Naisimulia hii kwa sababu nimechoka kukaa nayo kifuani. Anayetaka kucheka huku mwanzoni acheke, hata mimi nilicheka.

Mke wangu mtaani wanamwita Mama Vikuukuu. Kwa jina hilo hakuonewa.

Kitu kikishazeeka, kikavunjika mguu, kikachokwa na mwenyewe, hapo ndipo yeye anakipenda. Makochi yetu mawili hayajuani kabisa, kila moja limetoka nyumba yake. Saa ya ukutani haitembei. Siku aliyoileta nilimuuliza ya nini sasa.

"Hiyo si ya kutazamia muda," akanijibu. "Ni ya kupendeza ukuta."

Nikafyata mkia.

Mimi ni fundi friji. Kazi yangu kubwa ni kumwambia mtu kitu chako kimekufa, tupa, nunua kingine. Halafu nikirudi nyumbani nakuta vile walivyotupa wenzangu vimepangwa vizuri vinanisubiri.

Ila haki yake nampa. Mwanamke ana jicho. Anapiga msasa, anapaka vanishi, anahamisha hiki huku na kile kule, mara chumba kinapendeza mpaka wageni wanasahau kuaga. Kila kazi anapiga video, kabla na baada, anaiweka mtandaoni. Wanaomfuata huko ni wengi kuliko wanaonisalimia mimi hapa mtaani.

Mzigo wake anautoa kwa Mzee Kutu, muuza samani zilizotumika kule karibu na stendi. Huyo mzee hapendi maswali. Ukimuuliza kitu kimetoka wapi, anakwambia, "Kimetoka kwa mwenyewe." Basi, mazungumzo yameishia hapo.

Kwa Mzee Kutu ndiko lilikotoka kabati.

Lilikuwa kabati la mbao nyekundu, zito, milango miwili juu na droo moja chini. Milango ilifunguka bila shida. Droo ikagoma.

Mke wangu akavuta. Nikavuta mimi. Shemeji yangu, ambaye mwili kajaliwa, akavuta mpaka akaenda chini yeye, droo imetulia palepale.

Nikaleta bisbisi. Mke wangu akanikinga kwa mikono miwili. "Thubutu! Utalikwaruza. Liache na ukaidi wake."

Tukaliacha. Akapanga vyombo vyake vya udongo juu, na droo tukaizoea hivyohivyo.

Sasa ndiyo akaja huyo fundi wa mapazia. Alikuwa dada mwembamba, mpole, tepu ya kupimia imening'inia shingoni. Jirani ndiye aliyetuelekeza kwake. Ukimuuliza jambo anajibu hilohilo tu, haongezi chumvi.

Alipima dirisha la kwanza. Alipokuwa anaanza la pili, chaki ikamponyoka, ikabingirika hadi chini ya kabati. Akapiga magoti kuifuata, macho yakawa usawa wa ile droo.

Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

Alisogea ubavuni mwa kabati, akaligonga kwa kiwiko upande wa kushoto, kidogo tu, kwa mazoea. Droo ikatoka yenyewe.

Mke wangu akaruka. "Dada! Umefanyaje? Sisi tumehangaika na hilo dubwana mpaka tumekata tamaa!"

Fundi hakumsikia. Alikuwa ameshakaa chini, mkono ameutumbukiza ndani ya droo, na droo yenyewe tupu. Machozi yanamtoka bila sauti.

Nilisimama pale na kikombe changu cha chai, sijui nikiweke wapi.

"Ni langu hili," akasema mwishowe. "Alilitengeneza mume wangu."

Mumewe alikuwa seremala. Kabati lile alilitengeneza wakiwa bado wachumba, kazi haijamkaa mkononi, akakosea kipimo cha droo. Kila mkewe alipomwambia airekebishe alisema kesho, ngoja amalize za watu. Akaja kuwa fundi wa kutafutwa, akawatengenezea watu makabati ya kila namna. La mkewe likabaki vilevile mpaka anaingia kaburini.

Matanga hayajaisha, kaka zake marehemu wakaja na gari. Wakabeba kitanda, meza, redio na kabati. Wakasema ni mali ya ndugu yao. Cherehani nayo waliitaka, lakini alikuwa amewahi kuificha kwa jirani. Akaondoka mji ule na cherehani hiyo na begi la nguo, akaja kuanza maisha upya huku.

Mke wangu alikuwa analia kuliko mwenye msiba. "Dada, unalichukua leo hii hii."

"Hapana, mama."

"Usione haya. Sitaki hata senti."

"Sioni haya." Alijifuta kwa upindo wa kitenge. "Hapa mmelitunza vizuri. Nikipata kazi upande huu nitapita kuliona. Acheni likae."

"Lakini ni lako!"

"Ni langu, ndiyo. Ila hapa ndipo lilipo salama."

Hilo la usalama alilisema tena alipokuwa anakunja tepu yake. Sote tulilisikia. Tukadhani anatupa heshima.

Alipoondoka mke wangu akanivuta jikoni. "Umemwona alivyo mnyenyekevu? Mtu wa hivyo hata akiwa na shida hasemi."

"Mbona kasema? Kasema hataki."

"Kasema hataki kutusumbua. Hayo ni mambo mawili tofauti, baba."

Ukishaishi na Mama Vikuukuu unajua lini maneno yako yana kazi na lini unapoteza mate bure.

Jumamosi asubuhi pikapu ilikuwa mlangoni. Mke wangu alitaka iwe ghafla, fundi asijue lolote.

Alikuwa anaishi chumba kimoja, uchochoroni, nyuma ya banda la kuziba matairi. Ukuta mrefu wa kijani, tanki la maji, kamba za nguo. Wapangaji wote wakatoka kutazama. Mimi na dereva tumebeba kabati, shingo zimetutoka mishipa, na mke wangu katangulia mbele, simu juu, anasema na watu wake, mji kautaja na mtaa kautaja.

"Jamani, hapa ndipo anapoishi dada yetu. Mniangalizie machozi yangu maana leo sijui kama nitaweza."

Fundi akatoka mlangoni na kipande cha pazia letu mkononi. Akaiona pikapu. Akaliona kabati. Akaiona simu.

"Jamani," akasema. "Jamani, niliwaambia."

Mke wangu akamkumbatia. Yule dada akaanza kulia, akitetemeka mwili mzima, na wapangaji wakapiga makofi. Hata yule mziba matairi alikuwa anajifuta macho kwa mkono wenye oili.

Mimi nilifurahi, sitadanganya. Nilijiona mtu.

Ndani ilibidi kitanda kisogezwe na cherehani ihamie dirishani, ndipo kabati likaenea. Fundi mwenyewe akawa amesimama kwenye kona, hana pa kukanyaga.

Nilipokuwa naaga akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Baba, hiyo video. Mwambie mama asiitoe, nakuomba sana."

"Nitamwambia," nikasema, nikatoka mbio.

Mke wangu alikuwa ameshakaa kwenye pikapu, anacheka huku analia, kidole kinateleza kwenye kioo cha simu. "Njoo uone! Njoo uone watu wanavyolia huko!"

"Mama Vikuukuu, ifute. Kaniomba mwenyewe."

"Anaona haya tu, atazoea. Tazama, huyu hapa anasema amepata imani tena na binadamu."

Tulibishana njia nzima. Tulipofika nyumbani akaniangalia vizuri, akaona sitanii, akaifuta. Lakini ilikuwa imeshachukuliwa. Watu wameipakua, wamegawiana, kila mmoja kaituma kwenye kundi lake. Nilikuwa nimeshika simu ile nikiona inavyozidi kwenda, na hakuna kitufe cha kuirudisha.

Siku ya kuletewa mapazia, fundi hakuja. Simu yake haikupatikana. Tukasema labda kazi zimembana. Kesho yake tukaenda wenyewe.

Mlango ulikuwa wazi, chumba kimefagiwa, hamna kitu.

Mziba matairi akaweka tairi lake chini. "Si nyinyi mliokuja na gari la kwanza?"

"Gari la kwanza?" mke wangu akauliza. "La pili lilikuwa la nani?"

"Wanaume watatu. Walikuja na simu, wanaipandisha hivi, wanailinganisha na huu ukuta wa kijani. Mmoja akasema, ndiyo hapa, tanki lile pale."

Nikakaa juu ya tairi.

"Wakajitambulisha ni shemeji zake. Mkubwa wao akamwambia, 'Kumbe ulijificha huku.' Wakabeba kabati, wakabeba na cherehani. Wanasema ilinunuliwa na hela ya ndugu yao."

"Na nyinyi mkatazama?" Mke wangu alikuwa karibu kumshika ukosi.

"Mama, wamekuja kama ndugu. Yeye mwenyewe hakupiga kelele. Ningeanzia wapi? Asubuhi yake aliondoka na begi. Hakusema anakwenda wapi, ila aliwaachia huu mfuko."

Ndani ya mfuko kulikuwa na mapazia yetu, yote, yamekunjwa. Mawili yalikuwa yamepitishwa cherehani. La tatu alikuwa amelimalizia kwa mkono, sindano na uzi, pindo refu lote lile.

Mke wangu alilishika pazia hilo akakaa nalo pale uchochoroni.

Tulikwenda kituoni. Askari akauliza, "Nyinyi ni nani wake?"

Mimi nikasema, "Tulimpa kabati."

"Basi yeye mwenyewe aje alalamike. Haya ni mambo ya familia."

Aje kutoka wapi? Namba yake imekufa. Yule jirani aliyetuelekeza kwake hajui kwao wala alikokwenda. Mke wangu amekwenda kwa Mzee Kutu amemlilia amwambie tu ni akina nani waliomuuzia kabati lile. Mzee akapangusa kiti alichokuwa anapangusa, akasema, "Kimetoka kwa mwenyewe." Kila duka la vitu vilivyotumika tumepita. Makabati tumeyaona mengi, lile hatujaliona.

Siku hizi Mama Vikuukuu hanunui kitu. Nafasi lilipokuwa limesimama kabati iko tupu, na hataki nisogeze hata stuli hapo. Mtu niliyekuwa nikiomba apunguze mizigo, sasa namwomba aende hata kwa Mzee Kutu akatembee tu. Hataki. Naumia, na sina dawa yake.

Leo asubuhi nilikuwa kwa mteja, niko nyuma ya friji lake na vumbi puani. Mama wa watu akaniinamia na simu yake.

"Fundi, hebu pumzika kidogo utazame hii. Mimi imeniliza."

Nikatazama. Ukuta wa kijani, tanki, pikapu. Mgongo wangu mimi mwenyewe, nimebeba kabati. Kuna mtu ameongeza muziki wa taratibu juu yake, wa kulainisha moyo. Yule dada anatoka mlangoni na pazia mkononi, mdomo wake unasema, "Jamani, niliwaambia." Sauti haisikiki, muziki umeifunika.

"Umeona?" yule mama akasema, anajifuta jicho. "Watu wema bado wapo."

"Nimeona, mama."

Nikarudi nyuma ya friji, nikakaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na moyo wako mzuri, nakuomba kimoja tu. Mtu akiukataa wema wako, usikimbilie kusema anaona haya. Keti naye, muulize anaogopa nini. Sisi tulikuwa naye sebuleni kwetu asubuhi nzima, tukamuuliza kila kitu isipokuwa hicho.