Jiwe la Pili la Kobe wa Wambui

Nakumbuka baridi ya Julai tulipokuwa wadogo kwetu Nyeri, upande wa juu karibu na msitu, na wa rika langu wataniunga mkono: haikuwa baridi ya kuchezea. Ukungu ulikuwa unaingia jikoni kama mgeni aliyesikia kuna chai. Tulienda shuleni miguu mitupu, magoti yamepauka, na mfukoni kiazi kitamu cha moto, kwanza cha kupasha mikono, halafu cha kula. Leo mjukuu wangu huuliza simu kama nje kuna baridi, na mlango uko wazi mbele yake.

Mwaka mmoja baba, aliyekuwa akifanya kazi ya barabara kule Sagana, alirudi na kobe ndani ya gunia. Alikuwa amemwokota kando ya lami. Siku hizi ungeulizwa kibali. Wakati huo hakuna aliyeuliza. Akampa dada yangu Wambui, aliyenizidi miaka miwili, kwa sababu ndiye aliyekuwa na subira na wanyama. Tulimwita Hedimasta, kwa vile alitembea polepole akiinua shingo kama anayetafuta waliochelewa. Nilimpenda sana yule kobe, na iliniuma kwamba hakuwa wangu.

Sagana kuna joto. Kwetu hakuna. Julai ilipoingia, Hedimasta aliacha kula majani ya sukuma, akafumba macho, akawa mzito kama jiwe la mtoni. Baba akamwambia Wambui, "Akigonjeka tena namrudisha kwao. Sitaki kuona akifia hapa."

Mama hakuwahi kufuga kobe, lakini alijua kulea vifaranga, na alimtunza kwa ujuzi huo huo. Alitafuta sanduku la mbao, akalijaza majani makavu ya migomba, akaliweka jikoni mbali kidogo na moto. Kila jioni Wambui alipasha jiwe moja kando ya makaa, akalishika mpaka ahesabu ishirini. Likimchoma kabla ya ishirini, alingoja lipoe. Kisha alilifunga kwa kipande cha gunia na kuliweka upande mmoja wa sanduku.

"Upande mmoja tu," mama alisema. "Ule mwingine uache baridi, ndio akisikia joto imezidi ahame. Kifaranga ikiungua italia. Huyu hana sauti."

Kwa wiki mbili hivi mambo yalikwenda vizuri. Asubuhi Hedimasta alikuwa anafungua macho na kudai chakula, na Wambui alikuwa anakwenda shule akiimba.

Halafu ikaja jioni ya mvua na upepo. Nilimwonea kobe huruma, na pia, nisiseme uongo, nilitaka asubuhi achangamke kwa ajili yangu. Wambui alipokwenda kulala nilibaki jikoni, nikasema naosha miguu. Nikapasha jiwe la pili. Sikuhesabu. Nikaliweka ule upande wa baridi.

Asubuhi tulimkuta amejibana kwenye pembe, mdomo wazi, kucha zimekwaruza mbao kwa kutafuta pa kutokea. Alikuwa hai, lakini shingo ilikuwa imelegea.

"Nani ameweka jiwe hii ingine?" mama aliuliza.

Nikasema, "Ni Wambui."

Wambui alinitazama. Mama alimchapa viboko viwili vya miguu, na Jumatatu baba akaondoka na gunia. Dada yangu alisimama barabarani mpaka lile gunia halikuonekana tena.

Usiku huo, kitandani, alisema jambo moja tu: "Wee, ulisema unaosha miguu. Na ulikuja kulala na matope." Kisha akavuta blanketi, akanifunika mgongo. Hakulirudia neno hilo maisha yake yote.

Mwezi uliopita tulimzika. Kila ndugu alipewa nafasi ya kusema kidogo. Mimi nilisema alikuwa mchapakazi na mtu wa sala, na yote mawili ni kweli. Hilo la jiwe nilikuwa nalo mdomoni. Nikarudisha kipaza sauti.

Watoto wa leo wakikoseana huandikiana "pole" kwa simu, wakaongeza kijipicha cha mikono iliyofumbatana, na kabla ya chakula cha mchana wameshasahau. Nimewacheka sana kwa hilo, eti msamaha gani huo wa kidole. Sisi tulinyamaza, tukagawana blanketi, tukadhani imetosha. Tumechuma chai pamoja, mimi na Wambui, tumelea watoto, tumezeeka tukiwa majirani, na sikumwambia. Siwezi kusema sikupata njia. Alikuwa na simu. Mimi pia nilikuwa nayo.