Pikapu ya Mzee Antipasi

Agripina ndiye aliyeanza kusema bombani kwamba Mzee Antipasi amefungua chuo cha kufundisha marehemu udereva: kila asubuhi anapanda ile pikapu yake isiyo na magurudumu, anakanyaga pedeli na kuongea peke yake. Wanawake wakacheka. Cecilia alijaribu kucheka nao, akashindwa. Akamkaza mtoto wake Lucy mgongoni, akajitwisha ndoo yake.

Alimfahamu mzee huyo tangu alipoolewa Mwankoko. Miaka mingi mzee alibeba alizeti kutoka Mtinko kwa pikapu hiyo, na humo ndimo alimomfundisha udereva mwanawe wa pekee, Deo. Gari lilikuwa limechoka. Ukitaka kulipita lori, ulikanyaga mafuta mpaka chini, kisha ukasubiri likusanye nguvu. Deo akazoea hivyo, akapata leseni yake. Mwaka huu tajiri mmoja wa mjini alitafuta dereva wa V8 yake, gari lenye injini kubwa, akaja kumuuliza mzee kama kijana ataiweza. Mzee akajibu kwamba gari ni gari.

Siku ya nne ya kazi, karibu na Ikungi, Deo alitaka kulipita lori. Akakanyaga kama alivyofundishwa. V8 haikusubiri; iliruka mbele, na Deo akafia hapo hapo.

Cecilia alipompelekea mzee uji alimkuta ndani ya pikapu, mguu juu ya pedeli ya mafuta. Alikanyaga kidogo, akaachia. Akakanyaga kidogo tena, akaachia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Mama Lucy." Kisha, taratibu, kama anayemwelekeza mtu aliyekaa pembeni yake: "Hivi. Hivi tu ingetosha."

Uji ukapoa juu ya boneti. Mzee akatoa daftari chini ya kiti, akamwomba amwandikie barua kwa wakubwa wa usalama barabarani, kwa kuwa yeye macho yamechoka. Alitaka waambiwe kwamba mtu aliyejifunzia kwenye gari kama hili asikabidhiwe gari lenye nguvu kabla hajafundishwa upya na kupimwa upya, asije akafa mwingine. Cecilia alimshusha mtoto, akampakata, akaandika ombi hilo kwa mwandiko wake wa shule ya msingi, akianza na sentensi yake mwenyewe: Deo alikuwa dereva mzuri.

Mzee akaomba asomewe. Akasikiliza, huku mtoto akivuta kalamu.

"Kabla ya hapo weka jina langu, mwanangu," akasema. "Andika kwamba mimi baba yake ndiye niliyemwambia akanyage mpaka chini."