Mgeni wa Dawati la Nyuma

Mwalimu Rodah alimwita mgeni wake Daktari, naye kila mara alijibu, "Bado, mwalimu." Muhula mzima mgeni huyo alikaa dawati la nyuma katika shule yao karibu na Kiptere, penye mashamba ya chai, akitafiti kwa ajili ya shahada yake ya uzamifu kwa nini watoto wengine hufaulu hesabu na wengine huanguka. Kazi yake ilikuwa kutazama tu, asibadilishe chochote. Penseli aliichonga kwa wembe, na maganda akayafunga kwenye karatasi akayatia mfukoni. Mtoto akimwomba jibu, alitabasamu akainamia daftari.

Jumanne kulikuwa na hesabu vipindi viwili, na ndiyo siku lori la kukusanya majani chai hupita. Nusu ya madawati yalikuwa matupu tena.

"Wameenda kuchuna chai," Rodah alisema. "Waandike tu watoro, Daktari."

Mgeni hakuandika. Kidole gumba chake kilikuwa kikisugua kidole cha shahada, kama cha mtu aliyezoea tangu utotoni kukata chipukizi la chai. Akainuka, akaiendea ratiba ukutani, akaihamisha hesabu hadi Alhamisi.

"Na utafiti wako je?" Rodah akashtuka.

"Nimeuharibu," alisema, akaketi kuchonga penseli upya. Maganda yakaanguka sakafuni, wala hakuyaokota.