Mlima Ulioanza Kila Filamu

Juzi, nyumbani kwa mdogo wangu Baraka, kule Keshero, mtoto wake aliweka filamu ya zamani kwenye televisheni, na ule mngurumo ukatoka. Jamani, niliinuka kabla sijajua kwa nini.

Enzi zetu karibu kila diski aliyoleta Papa, baba yetu, ilianza na nembo ya kampuni moja ya filamu: giza tupu, kisha nukta nyekundu, kisha mlima unaopasuka polepole, ukinguruma hadi vikombe vinatetemeka kabatini. Sisi tulikuwa na mlima wetu wa moto wa kweli huko juu ya Munigi, unaopaka mawingu rangi nyekundu. Huu wa pili ulitutisha na kutufurahisha.

Koko, mama yake Papa, mzaliwa wa Masisi, haukumfurahisha. Nembo ikianza tu, alimfunga Baraka, aliyekuwa bado mchanga, mgongoni kwa kitenge, akabeba mfuko wa vyeti vyetu, akasimama mlangoni mpaka filamu ianze. Nasi alitulazimisha tumfuate. Mimi nilikuwa na mdomo, nikamwambia ni picha tu.

"Ikuwe picha, isikuwe picha, musimame," alisema.

Tulimcheka sana. Hata majirani walikuja kutazama Koko anavyoikimbia televisheni.

Jumapili moja alasiri nembo ilikwisha, tukarudi kukaa, Baraka akalazwa kwenye mkeka chini ya ukuta wa mawe meusi. Mngurumo ukaanza tena. Nilidhani Papa ameirudisha diski nyuma, lakini kwenye kioo watu walikuwa wakila harusini. Miguu yangu ilifika mlangoni kabla sijaogopa. Koko alikuwa nyuma yangu, Baraka kifuani. Ardhi ikatikisika, ukuta ukaanguka ndani, juu ya mkeka.

Miaka mingi baadaye, tulipokwisha kumzika Koko, nilimuuliza Papa kwa nini hakuwa akiiruka ile nembo kwa telekomandi, naye anajua inamtisha mama yake.

"Yeye ndiye alinikataza," akasema. "Alijua ni picha, mutoto wangu. Alitaka miguu yenu izoee."

Niliona haya kwa kila kicheko changu.

Juzi, nilipoinuka, Baraka na ndevu zake alikuwa ameshafika mlangoni, mtoto mkononi, televisheni ikiendelea kunguruma. Tulitazamana. Hakuna aliyecheka.